Sifa Zilikuwa za Sindano

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naona wengine mmetoka jimu moja kwa moja, mabegi yako chini ya viti na jasho halijakauka, kwa hiyo sitawachosha. Nimeitwa nizungumzie namna mnyanyua vyuma anavyopunguza mafuta ya mwili, na waandaaji wakaongeza kwa sauti ya chini, "na yale mambo ya sindano, ukipenda." Napenda. Tena nitaanza na hayo, maana yaliniaibisha.

Miaka kadhaa nyuma alinijia bwana mmoja wa kilo 118, mwenye miaka tisa kwenye chuma. Hakuwa mtu wa kujipiga picha kwenye kioo. Huyu alikuwa wa pawalifti: unachuchumaa na chuma mabegani, unakisukuma ukiwa umelala kwenye benchi, unakiinua kutoka sakafuni, ndiyo dedilifti, basi. Dedilifti yake ilikuwa kilo 230, kiuno sentimita 112. Alikuwa anashindana daraja la kilo 120 na alitaka kushuka 105, kwa sababu kitambi hakimsaidii mtu kunyanyua chochote.

Nilianzia jikoni kwake. Asubuhi chai ya maziwa na chapati tatu, mchana wali na maharage, usiku ugali. Hakuna la ajabu hapo. Lakini nilimwomba mkewe apike mbele yangu, nikaona mafuta yanavyomiminwa sufuriani kwa kukadiria, yakizunguka mara mbili. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120. Ule mzunguko ulikuwa na vijiko sita, saba. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Mama wa watu alinitazama kama nimekuja kukagua stoo yake.

Tulikubaliana apunguze kalori 600 kwa siku: chapati moja badala ya tatu, mafuta kwa kijiko, soda hakuna. Mayai, samaki, kuku bila ngozi na mtindi vikaongezwa, ili protini ifike gramu 200 hivi. Kila Jumatatu na Alhamisi alinitumia picha ya mizani, amepima asubuhi kabla ya chai.

Baada ya wiki 14 alikuwa na kilo 112. Kilo sita tu zimeondoka, lakini kiuno kimeshuka hadi 102, na dedilifti imepanda hadi 250. Nifuateni hapa. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Mia sita kwa siku, kwa siku 98, ni karibu 59,000. Hiyo ni kilo saba na nusu za mafuta. Mizani inasema sita. Kilo moja na nusu imetoka wapi? Mtu wa miaka tisa kwenye chuma, anayekula chini ya mahitaji yake, na bado anaongeza nyama na kilo 20 kwenye dedilifti? Kocha mwenye akili timamu angesita. Mimi nilijiona bingwa. Nilizunguka na ile ratiba ya chakula kama mtu aliyevumbua moto.

Nikampa kijana mwingine, wa kilo 93, ratiba ileile kwa vipimo vya mwili wake. Wiki ya nane dedilifti yake ilikuwa imeshuka kilo 12 na nusu, halali vizuri, macho yamezama. Nikamwambia anakula kwa siri. Nilimwambia mbele ya wenzake.

Yule wa kwanza ndiye aliyenifumbua macho, bila kukusudia. Tumekaa mgahawani, akawa anakalia tako moja, anajigeuza geuza kwenye kiti. Nikamuuliza kulikoni. "Kocha, sindano ya juzi imeniuma kweli." Akasema kama mtu anayetaja panadoli. Testosteroni, homoni ya kiume, miligramu 500 kwa wiki, na vidonge vya jamii hiyohiyo juu yake. Hiyo ni kama mara tano ya kile daktari humpa mwanamume ambaye mwili wake umeshindwa kutengeneza homoni hiyo. Alikuwa ameanza wiki moja kabla ya kuja kwangu, na alidhani nimeshaona mwenyewe.

Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa wanaume 43 waliosimamiwa hadi chakula chao. Waliochomwa miligramu 600 kwa wiki, kwa wiki kumi, bila kugusa chuma, waliongeza kama kilo tatu za mwili usio na mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa hawakufika kilo mbili. Aliyelala kitandani kamshinda aliyetoka jasho! Sasa mweke huyo kwenye mlo wa kocha. Mtu wa kawaida chakula kikipungua sana, homoni yake nayo hushuka, na mwili huanza kujilipa kwa misuli. Mwenye sindano homoni haishuki, inatoka kwenye chupa. Mafuta yanaondolewa na ile hesabu ya chakula, kwake kama kwa mwingine. Dawa inalinda nyama, na inamfichia kocha makosa yake.

Nilimpeleka akapime damu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ilikuwa asilimia 56. Mwanamume wa kawaida huwa kwenye arobaini na kitu. Damu imekuwa nzito. Na huyu mtu alikuwa amepanga kujikausha maji siku mbili kabla ya kupimwa uzito, ili afike 105! Lehemu nzuri ilikuwa imeporomoka, na vidonge vile vinajulikana kwa kazi hiyo. Mayai niliyompangia hayakuwa na ubavu wa kurekebisha hilo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima mioyo ya wanyanyua vyuma 140, wengine watumiaji wa muda mrefu wa dawa za jamii hii na wengine hawajawahi. Kila pigo, moyo wa asiyetumia ulisukuma nje wastani wa asilimia 63 ya damu iliyomo. Wa mtumiaji, 52. Kwenye kioo wote ni miraba minne.

Aliacha. Siyo kwa ajili yangu, msinipe sifa tena. Walitaka mtoto wa pili na kipimo cha mbegu kilirudi karibu na sifuri, kwa sababu mwili ukiletewa homoni kutoka nje, korodani huacha kazi. Daktari alimwambia asubiri miezi. Mafuta hayakurudi, maana mkewe hakuiacha ile mizani. Nguvu ilirudi ilikotoka: kilo 230, siku nyingine 225.

Na yule kijana wa kilo 93 nilimpigia simu. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kocha, wiki ile uliyosema naiba chakula, nilikuwa nimeacha hata sukari kwenye chai." Siku hizi anafanya mazoezi kwa kocha mwingine.

Haya, maswali. Naanza na dada pale nyuma.