Dira Kwanza, Upepo Mwisho

Mhadhara kwa mafundi wa elektroniki na wenye mashua za tanga, Nairobi

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimefurahi kuona mafundi wa Luthuli Avenue wamekaa bega kwa bega na watu wenye mashua Naivasha, Kilifi na Mtwapa. Zamani matanga yalionekana hapa hapa mjini, kwenye Bwawa la Nairobi, kabla gugu maji halijalifunika. Siku hizi mwenye chombo hushuka hadi pwani, akifika huko akakuta vipimo vyake havielewani, fundi anayemwamini amebaki huku. Ndiyo sababu nimetaka mnisikilize kwa pamoja.

Jambo langu ni moja: vifaa hivi hukopeshana habari. Kipima upepo kilichoko kileleni mwa mlingoti hakiujui upepo wa kweli. Kinachohisi ni ule unaokipiga chombo kikiwa mwendoni. Kompyuta huchukua kasi kutoka kwa kipima mwendo kilicho chini ya maji, hupiga hesabu, ndipo ikakuonyesha upepo wa kweli. Ukitaka kujua unatoka upande gani wa dunia, inaikopa dira nayo. Kwa hiyo kigurudumu cha kipima mwendo kikikwama kwa mwani, nahodha atasema kipima upepo kimeharibika, na fundi atapanda mlingoti bure.

Tuanze na waya. Kuna lugha mbili za vifaa kuzungumziana mtakazozikuta. Ya kwanza ni NMEA 0183, iliyotolewa mwaka 1983 na chama cha Marekani cha elektroniki za majini. Hapo msemaji ni mmoja, wasikilizaji wanaweza kuwa kadhaa, na kasi ya kawaida ni biti 4,800 kwa sekunde. Kifaa cha AIS, kinachotambua meli zilizo karibu, husema kwa 38,400. Ukikiunganisha na skrini iliyowekwa 4,800, hutapata kitu, ingawa kila waya uko mahali pake. Na msiunganishe wasemaji wawili kwenye jozi moja ya waya. Sentensi zao zitagongana.

Lugha ya pili ni NMEA 2000. Hii ina waya mkuu mmoja, na kila kifaa kinaning'inia kwa tawi lisilozidi mita 6. Umeme huingia kupitia fyuzi. Kila mwisho wa waya mkuu hufungwa kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Fundi, hiki ndicho kipimo nitakachokuomba usikisahau: zima umeme, weka multimita kati ya waya mbili za data. Ukisoma omu 60 au karibu na hapo, vizibo viwili vipo. Ukisoma 120, kimoja hakipo au waya umekatika. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza cha tatu. Dakika moja tu, na imeniokolea siku nzima za kutafuta.

Sasa dira, nami nitakaa hapa kidogo. Dira ya elektroniki huhisi sumaku ya dunia, na sumaku hiyo ni dhaifu. Spika, injini, hata waya unaopeleka umeme kwenye taa vinaweza kuishinda. Waya wa kwenda na wa kurudi visokoteni pamoja ili sumaku zao zifutane. Niliwahi kusafiri katika chombo ambacho usukani wa kujiendesha ulikuwa ukipotoka kila tulipotoka bandarini, na kila tuliporudi kukaa gatini ulikuwa mzima. Tulibadilisha waya, tukabadilisha kifaa chenyewe. Mwishowe mpishi alifungua kabati kutafuta chakula: kila safari alikuwa akipanga mikebe ya maharagwe ubavuni mwa dira. Ilipokwisha kuliwa, dira ilipona. Siku ile niliwasikitikia mafundi wote tuliokuwa tumewalaumu.

Kuisawazisha, tafuteni maji matulivu, mbali na meli za chuma na daraja. Washeni vifaa vyote vinavyotumika safarini, kisha zungukeni polepole, kwa kasi inayotakiwa na kijitabu cha kifaa, hadi kikubali. Baada ya hapo linganisheni na alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye ramani, zikiwa zimepangana mstari mmoja mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya chombo. Wazee wetu wameingilia milango ya miamba kwa alama za namna hiyo, na bado sijaona njia bora ya kuihakiki dira.

Kipima mwendo kinafuata. Endesheni chombo maili moja ya bahari, yaani mita 1,852, kwenda na kurudi, kwa mzunguko uleule wa injini. Hapa wengi hukosea hesabu. Tuseme chombo kinakata maji kwa noti 6, yaani maili 6 za bahari kwa saa, na mkondo una noti 2. Kwenda pamoja na mkondo utatumia dakika 7 na nusu, kurudi dakika 15. Ukijumlisha muda na kugawa maili 2 kwa muda huo, utapata noti 5.3, na hilo ni kosa. Tafuta kasi ya kila upande kwanza, 8 na 4, ndipo utafute wastani: 6. GPS haitakusaidia kwa safari ya upande mmoja, kwa kuwa yenyewe hupima mwendo juu ya ardhi, na mkondo umo ndani yake.

Upepo sasa ni rahisi. Nendeni joshi, yaani kuukaribia upepo, upande wa kulia, kisha wa kushoto, matanga yakiwa yamekazwa sawa. Kipima kikisema digrii 28 upande mmoja na 34 upande wa pili, kimekaa kombo kwa digrii 3. Rekebisheni kwenye skrini.

Kina cha maji sitakielezea sana. Teremsheni bildi, yaani risasi ya kupimia kina, yenye kamba iliyopimwa, kisha amueni kama namba ihesabiwe kutoka usawa wa maji au kutoka chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, na muiandike karibu na skrini. Mombasa maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asiyejua namba yake inahesabiwa kutoka wapi atakwama kwenye mchanga.

Mezani pale nimefunga waya mkuu wenye matawi matatu, na kuna kitu nimekiondoa. Mafundi, tangulieni na multimita zenu. Wenye mashua, simameni nyuma yao muone wanapoweka ncha.