Muulize Kwanza Anafikiri Nini

Wenzangu wa udaktari wa familia, hamjambo. Neno hili nimelisema katika kumbi nyingi hapa Nairobi na leo nalirudia. Tunamsomesha daktari wa familia miaka minne atibu, kisha tunampeleka kwenye hospitali ya kaunti ndogo awasimamie maafisa wa kliniki, wauguzi na wanafunzi. Kusimamia kwenyewe nani alimfundisha?

Nilikuwa kwenye kituo cha afya huku Eastlands, foleni imefika getini. Mwanafunzi wa uafisa wa kliniki akaniletea mtoto wa miezi 14 anayekohoa. "Daktari, ni mafua tu. Nimwandikie dawa ya homa?" Ilikuwa rahisi nimtazame mtoto, niseme ni nimonia, mpe amoksilini, nirudi kwa wagonjwa wangu. Miaka mingi nilifanya hivyo. Siku hiyo nikamuuliza: umefikaje hapo? Akajibu bila wasiwasi, "Nimehesabu pumzi dakika nzima, ni 46. Hazijafika 50." Na kweli alihesabu vizuri: mtoto ametulia kwenye paja la mamake, fulana imepandishwa hadi shingoni. Lakini 50 ni kipimo cha mtoto wa miezi 2 hadi 11. Akishatimiza mwaka, 40 tu ni pumzi za kasi, dalili ya nimonia. Ningempa jibu, mtoto yule angetibiwa, na kijana angeondoka na 50 yake kichwani. Wangapi wangerudishwa nyumbani na dawa ya homa?

Najua kuna anayesema moyoni, "Na foleni je?" Swali langu lilichukua nusu dakika! Mbinu ya hatua tano ya kufundishia kliniki, iliyoandikwa Marekani mwaka 1992, inaanzia papo hapo: mwanafunzi aseme uamuzi wake, kisha aulizwe sababu. Wengine husema madaktari watajifunza kusimamia wakiwa kazini. Kazini wanajifunza kufokea watu mbele ya wagonjwa. Nimeyaona kwa macho yangu.

Naonyeshwa saa. Afisa aliyekutangulia kazini miaka 20 akikosea, mwite pembeni, umuulize yeye angefanyaje.

Walimu wa vyuo, nawaomba: kwenye mtihani wa mwisho, mleteeni mtahiniwa mgonjwa pamoja na mwanafunzi, na maswali atakayomuuliza mwanafunzi yapewe maksi.