Saa Nane za Jembe: Nani Alizihesabu?

Ndugu watafiti, leo tena nalalamikia lile jedwali la tafiti zetu linalosema mkulima hufanya kazi nzito saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Dodoso la GPAQ la Shirika la Afya Duniani mnalijua: humuuliza mtu muda anaoushughulisha mwili kazini, safarini na kwenye burudani. Shikeni kalamu tu. Dakika 480 mara siku 6 ni 2,880. Kazi nzito huzidishwa kwa 8, kwa kuwa huhesabiwa kutumia nguvu mara nane ya mtu aliyetulia: mmepata MET-dakika 23,040, ndicho kipimo chetu. Kiwango cha chini kwa wiki ni 600! Mtu wetu amekipita mara 38 na kompyuta imenyamaza, kwa sababu kanuni ya kusafisha takwimu humkataa tu anayezidi saa 16 kwa siku.

Zile saa nane zimetoka wapi? Katoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, karudi saa nane mchana. Basi! Humo ndani kuna kutembea hadi shambani, na mwendo huo mtauhesabu tena kwenye swali la usafiri. Kuna kunoa jembe, uji, kivuli, na mazungumzo na jirani wa mpakani. Halafu tunamuuliza kuhusu "wiki ya kawaida". Ipi? Ya palizi au ya kiangazi?

Msimwombe jumla. Mpitisheni siku yake: uliondoka lini, ulishika jembe lini, mlikula lini, uliliweka chini lini. Ondoeni mapumziko ninyi wenyewe. Kisha ulizeni pumzi: akilima, anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika? Akiweza, kazi hiyo ni ya wastani, zidisheni kwa 4. Mama anayeuza nyanya juani kutwa atasema kazi yake ni ngumu, na ni ngumu kweli, lakini amekaa.

Najua kuna atakayesema: watu wakiulizwa tena hurudia jibu lile lile, kwa hiyo dodoso linaaminika. Saa iliyo nyuma kwa nusu saa nayo iko nyuma kwa nusu saa kila siku. Katika utafiti wa nchi tisa uliochapishwa 2009, uwiano wa majibu yaliyorudiwa ulikuwa 0.67 hadi 0.81, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Yalipolinganishwa na vifaa vya kupima mwendo, ukashuka hadi kati ya 0.06 na 0.35.

"Basi tuwavalishe vifaa." Wavalisheni, walau sehemu ya sampuli, siku ihesabiwe ikiwa kifaa kimevaliwa kwa saa 10, na siku kama hizo zifike nne. Ila kifaa cha kiunoni hakijui kuwa kichwani kuna ndoo ya lita 20. Kutwanga hakioni, na baiskeli hukiponyoka karibu yote.

Na msinielewe vibaya: hata mkimpunguzia mkulima hadi saa mbili anabaki na 5,760. Asilimia ya wanaofikia kiwango haitatikisika sana. Kinachoharibika ni wastani, kwa hiyo toeni mediani, yaani thamani ya mtu wa katikati, na acheni kumpambanisha mkulima na karani kwa namba hizo.

Mazoezi ya burudani, naona mwenyekiti anaangalia saa, nasema moja tu. Mtu akisema alicheza mpira kwa saa mbili, muulizeni aliingia uwanjani dakika ya ngapi na akatoka ya ngapi. Usafiri tuuache. Maswali?