Nyama na Kabichi ya Machi 17: Wairishi wa Marekani Waliitoa Wapi?

Habari za huko nyumbani, wapendwa. Leo niko jikoni, na kwenye hilo sufuria mnaloliona nyuma yangu kuna kidari cha ng'ombe. Siyo supu, tulieni kwanza.

Hapa Boston, Machi 17 ni Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, na maduka yamejaza nyama hii, corned beef: kidari kilicholowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi, kinauzwa na kipakiti cha viungo, yaani pilipili manga, haradali, giligilani. Unakitokosa kwa moto mdogo kwa muda wa saa tatu hivi, unatia viazi na karoti, kabichi mwisho kabisa. Hakuna nyanya, hakuna kukaanga kitunguu. Mama zangu, najua mmeshanuna. Na hii rangi ya waridi isiwatishe, imeiva. Ile chumvi ya kuhifadhia nyama ndiyo inayoizuia isigeuke kahawia.

Sasa, wengi huku wanaamini hiki ndicho chakula cha Ireland. Wapi! Ukienda Ireland, kabichi inaliwa na nyama ya nguruwe ya chumvi. Ng'ombe wa mwanakijiji alikuwa wa maziwa na siagi. Kumchinja yalikuwa mambo ya wenye nacho.

Ila nyama ya ng'ombe ya chumvi Ireland waliitengeneza, tena kwa wingi, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1663, halafu 1667, Uingereza ilitunga sheria za kuzuia ng'ombe hai kutoka Ireland wasiingie kwake. Ng'ombe wakajaa, bei ikaporomoka. Wafanyabiashara wakasema, kama hawavuki na roho zao, watavuka ndani ya mapipa. Mji wa Cork ukawa kitovu cha biashara hiyo, ukalisha wanamaji wa Uingereza na mashamba ya watumwa ya Karibiani. Mchungaji wa ng'ombe hao yeye anakula viazi. Mwaka 1845 viazi vikapigwa na ugonjwa; njaa iliendelea hadi 1852, wakafa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni nyingine wakaihama nchi.

Waliofika New York wakakuta mambo yamegeuka: nyama ya ng'ombe, iliyokuwa ya matajiri kwao, huku inashikika. Baadaye mitaa ileile ikapokea Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, na bucha za kosher, yaani zinazofuata sheria za chakula za Kiyahudi, haziuzi nguruwe. Zinauza sehemu ya mbele ya ng'ombe, ambako ndiko kidari kilipo. Kidari ni kigumu, kwa hiyo bei poa, na chumvi pamoja na moto wa taratibu ndiyo dawa yake. Kabichi nayo rahisi. Basi, mlo wa sikukuu ukapatikana kwa Myahudi wa jirani.

Kuna watu wa Ireland wanaowacheka ndugu zao wa huku, eti wanakula kitu cha kubuni. Mimi siwezi kuwacheka. Mtu aliyekimbia njaa akipata nyama, unamwambia arudi kwenye asili gani?

Tena sikukuu hii huangukia Kwaresima. Mwaka 2023 ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama wakati wa Kwaresima, na maaskofu wengi wa Marekani wakawaruhusu waumini wale nyama siku hiyo. Wakatoliki wenzangu, msianze kuniandikia.

Haya, imeiva. Kata kukatiza nyuzi za nyama, usizifuate, la sivyo utatafuna mpaka kesho. Nakula na haradali. Mmh. Chumvi imekolea, lakini kabichi imenyonya mafuta, tamu kweli.

Wazee wa Dar mnaijua corned beef ya kopo: Tanganyika Packers pale Kawe walikuwa wanaitengeneza. Kama wewe au mzazi wako alifanya kazi kiwandani pale, niandikie hapo chini walikuwa wanatumia sehemu gani ya ng'ombe, maana nataka kulinganisha na hiki kidari.