Kushinda: Nani Kamshinda Nani?

Ndugu wasikilizaji, tuanze na sentensi mbili. Alishinda njaa. Aliishinda njaa. Ya kwanza yasema mtu alikaa kutwa bila kula. Ya pili yasema njaa ilimjia, akaikabili na kuiangusha. Tofauti yake ni irabu moja, ile -i- ya mtendwa inayosimama badala ya njaa. Ikikosekana, kitenzi hurudi kwenye maana ya kupitisha mchana, kama tunavyoulizana jioni, "Umeshindaje?"

Kanuni hii ina mianya. "Ameshinda uchaguzi" haina kiambishi hicho na bado inaeleweka, kwa sababu uchaguzi wenyewe ni shindano. Lakini akitajwa mtu, hatuna hiari: Asha amemshinda Juma.

Irabu hufanya kazi kubwa vilevile mwishoni mwa neno. Mshindi ndiye aliyeshinda. Mshinde ndiye aliyeshindwa. Ni -e ileile ya mtume, aliyetumwa, na ya mteule, aliyeteuliwa. Mshinde ni neno zuri mno, na natamani watangazaji wa michezo walitumie kila siku.

Kisha kuna matumizi ninayoyapenda kuliko yote. "Kazi hii imenishinda." Tazameni nani anatenda hapo: ni kazi. Mzigo humshinda mchukuzi, bei humshinda mnunuzi, na mzazi husema "mtoto huyu amenishinda" ingawa hawajapigana. Ukisema "siwezi kazi hii", huenda hujaigusa hata kidogo. Ukisema imekushinda, nakuelewa kwamba uliishika, mkavutana, ikakuzidi nguvu. Lugha imempa msemaji njia ya kukiri kwamba hakufanikiwa bila kujivunjia heshima, kwa kuwa juhudi yake imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Ndiyo maana huniuma kusikia kushindwa kukifanywa pazia. "Mgeni rasmi ameshindwa kufika." Ameshindwa na nini? Hilo ni swali la haki, maana kauli ya kutendwa ina mtenda wake hata asipotajwa. Kama ni maradhi au mafuriko, neno limekaa pahali pake. Kama aliamua tu kutokuja, hakushindwa, hakuja. Tunaambiwa pia kwamba viongozi fulani wameshindwa kutimiza ahadi, kumbe ahadi zenyewe hazikuwahi kuanzwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huo watumiwa sana kumfariji aliyeangushwa, lakini wadai jambo jingine pia: anayeshindwa awe kwanza ameingia uwanjani. Wanaoandika habari nawaomba wamuulize mhusika alijaribu nini, na kama hakujaribu lolote, waandike wazi: hawakutimiza.