Mtoto Akikwama, Shule Inafanya Nini?

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote hamjambo. Nawashukuru walimu mlionialika, na wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza.

Mzazi anayetafuta shule ya msingi huulizia matokeo ya mitihani, kisha majengo, kisha ada. Ni haki yake. Mimi nataka tukae na swali ambalo huulizwa mara chache: mtoto akikwama, shule hii inafanya nini, na inaanza lini? Msimamo wangu nausema mapema. Kazi ya kumsaidia mtoto aliyekwama ni ya mwalimu wa darasa kabla haijawa ya mtaalamu yeyote, tena ianze wiki ileile tatizo lilipoonekana, isingoje mtihani wa mwisho wa mwaka.

Shule ya msingi hufundisha mengi: lugha, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii, michezo, kuchora na kuimba. Yote nayathamini. Lakini mtoto akifika darasa la nne hajui kusoma, hata hesabu zinamshinda, kwa sababu swali lenyewe limeandikwa kwa maneno. Kwa hiyo niruhusuni nianzie kwenye kusoma.

Mtoto wa darasa la pili ana kitabu chenye picha ya msichana aliyeshika kikombe. Chini pameandikwa: “Neema anakunywa maziwa.” Mtoto anasoma kwa sauti safi, bila kusita: “Neema anakunywa maji.” Wengi wetu tutamwambia, “Hapana, ni maziwa,” halafu tunaendelea na ukurasa. Hapo tumesahihisha sentensi, mtoto tumemwacha palepale. Jicho lake lilishika “ma”, likakimbilia kwenye picha, akamalizia kwa kubahatisha. Mwalimu makini anaifunika picha kwa kiganja, anamrudisha kwenye neno, silabi kwa silabi. Akigundua kwamba “zi” ndiyo haijakaa kichwani, anamwandikia “zi”, “si”, “ji”, anampa maneno yenye silabi hizo, na kesho yake anamsikiliza tena. Watoto wanne au watano wenye pengo hilohilo wanaweza kukaa pamoja dakika kumi kila siku wakati wenzao wanaandika. Hilo nalo ni huduma ya kumsaidia mwanafunzi, ingawa halina ofisi wala kibao mlangoni.

Hesabu ni vivyo hivyo. Mpe mtoto 8 + 5. Mmoja anahesabu vidole vinane kuanzia moja, anaongeza vitano, vidole vinamwishia, anahamia kwenye vijiti. Wa pili anaanzia nane: tisa, kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tatu. Wa tatu anachukua mbili kutoka kwenye tano, anapata kumi, anaongeza tatu zilizobaki. Wote wameandika 13 na wote wamepata vema kwenye daftari. Mwaka ujao wakipewa 38 + 25, yule wa kwanza atapotea, nasi tutashangaa kwa nini mtoto aliyekuwa anapata vema ameanguka ghafla. Mwalimu aliyewahi kumuuliza “umepataje?” hatashangaa. Swali hilo fupi nalipenda kuliko majaribio mengi yaliyochapwa vizuri.

Na majaribio yenyewe yana historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kushughulikia watoto wanaopata shida shuleni, na mwaka 1905 mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha akili. Kusudi lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Baadaye, mikononi mwa wengine, vipimo vya aina hiyo vikatumika kuwapanga watu kwa madaraja. Ndiyo maana jaribio lolote la shule naliuliza jambo moja: limemwambia mwalimu afundishe nini kesho? Kama limetoa tu nafasi ya mtoto, kwamba ni wa kwanza au wa arobaini, bado halijamsaidia.

Kuna watoto ambao shida yao haimo kwenye somo kabisa. Yupo anayenakili kutoka daftari la jirani, anaitwa mdanganyifu, kumbe ubao hauoni. Yupo anayeitwa leo anaitika na kesho haitiki, nasi tunasema “husikia akitaka.” Baada ya mafua, majimaji yanaweza kukaa nyuma ya kiwambo cha sikio, na usikivu wa mtoto ukawa unapanda na kushuka. Huyo asogezwe mbele, mwalimu aongee akiwa amemtazama, na mzazi aambiwe ampeleke akapimwe. Fimbo haitamfungua sikio.

Mwaka 1994, kule Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao. Lakini kumwandikisha mtoto asiyeona kisha usimpatie maandishi ya Braille, au kiziwi bila mtu anayejua lugha ya alama, ni kumweka ndani ya jengo huku umemwacha nje ya somo.

Ushauri nasaha nao nitautaja kwa ufupi. Mtoto aliyebadilika ghafla anahitaji mtu mzima mmoja anayemwamini, na siri zake zisitangazwe mstarini.

Kuhusu kurudia darasa, ambako wengi mmeniulizia kabla hatujaanza: mtoto akirudishwa afundishwe vilevile kama mwanzo, ataongeza umri na aibu, pengo litabaki. Kwanza tujue amekwamia wapi.

Wazazi, ukimwendea mwalimu na kuambiwa “anaendelea vizuri tu,” mwombe kwa heshima mfungue daftari pamoja. Akuonyeshe mwezi uliopita mtoto alikuwa anakwamia wapi, sasa yuko wapi, na watamtazama tena lini. Nawe umweleze unayoyaona nyumbani, maana huenda mtoto anakaza macho akisoma na mwalimu mwenye darasa kubwa hajaona. Walimu wenzangu, najua wingi wa watoto mlionao, na najua dakika kumi si kitu chepesi kupatikana. Basi uongozi wa shule uzipangie nafasi kwenye ratiba, zisiachwe ziwe hisani ya mwalimu mmoja mwenye moyo.

Naona mikono imeanza kuinuka. Tuanze na walimu wa madarasa ya chini.