Nyuki halioni ua unaloliona wewe

Jamani, hili nimelisema hapa Dodoma hadi mke wangu amechoka kulisikia: mkichagua maua ya kupanda jirani na mizinga, msiyaamini macho yenu.

Mzee mmoja wa Chamwino, mfugaji hodari tu, alizungushia mizinga yake maua mekundu ya bustanini. Akanipigia: "Mwalimu, mbona nyuki wanayapita tu?" Nikamwambia, mzee wangu, nakuja.

Tukapanga mezani vipande vya karatasi, kimoja cha buluu, vingine vya kijivu, kuanzia kilichopauka hadi kinachokaribia weusi. Juu ya kila kimoja kisahani. Cha buluu kina maji ya sukari, vingine maji matupu. Kila baada ya muda tunakihamisha cha buluu, nyuki wanakifuata. Mwishoni tukaweka visahani vyote vitupu. Wakatua wapi? Buluu. Tukarudia kwa nyekundu, na hapo ndipo mzee akashika kiuno, maana nyuki walishindwa kuitofautisha na kijivu kilichokolea.

Ujanja si wangu. Ni wa Karl von Frisch, mtafiti wa nyuki, aliyeuchapisha mwaka 1914.

Naona mtu kule nyuma ameshainua mkono, eti walinusa. Karatasi zilifunikwa kwa kioo, ndugu yangu. Kaa kwanza.

Jicho la nyuki hupokea kijani, buluu na urujuanimno, ule mwanga sisi tusiouona kabisa. Nyekundu haimo. Tazameni alizeti zenu za Kongwa: kwako petali ni njano tupu, kwa nyuki ncha za petali zinang'aa kwa urujuanimno na sehemu zake za ndani, karibu na kitovu cha ua, zinaunyonya, kwa hiyo anaona duara jeusi katikati, pana kuliko ulionalo wewe. Na yapo maua mekundu yanayorudisha urujuanimno, hayo anayaona. Ndiyo maana nakataa macho yenu.

Tena haoni mbali. Ua la sentimita 2 hajui rangi yake hadi afike kama sentimita 8. Pandeni kwa mafungu, si moja hapa, moja kule!

Ya mbuyu, unaochanua usiku na kuchavushwa na popo, sitayamaliza, naonyeshwa saa.

Yule mzee? Maua hakuyang'oa. Mkewe anayapenda, na asubuhi ndege aitwaye chozi huja kunyonya mbochi, ule utamu wa maua.